Samaki gani wanaweza kukaa pamoja? Somo kwa koperative zinazoanza bwawa la kwanza



Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kuchimba bwawa la samaki, lile ambalo wengi wenu mnaita etange. Wengi mmeshapita hapo. Kuta zimekauka, majani yameota juu yake, maji yameingia. Sasa kila mkutano tunasikia swali moja: tutie samaki gani ndani? Na swali la pili linafuata nyuma yake: mbona jirani alitia samaki wake, wakakufa wote siku ya kwanza?

Somo la leo linajibu maswali hayo mawili. Sehemu ya kwanza ni kuchagua samaki wanaopatana. Sehemu ya pili ni kuwapokea na kuwazoesha maji mapya.

Tuanze na kosa letu wenyewe

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunasindikiza kikundi kimoja cha kando ya ziwa, hapa Kalehe. Wanachama walichimba bwawa la ari mbili kwa mikono, kazi ya msimu mzima. Pesa ya kununua vifaranga ilitoka kwenye sanduku la MUSO, kila mmoja alichanga kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Tukaenda nao kuchukua vifaranga 400 wa tilapia. Muuzaji akatuongezea kambale 40 kwa bei ya chini sana. Hao kambale walikuwa wanene, urefu wao ulipita kiganja cha mkono. Tilapia walikuwa wadogo kama kidole. Tulifurahi, tukasema leo tumepata bahati.

Tulifika kijijini saa saba mchana, jua kali. Watu walikuwa wanangojea, wanapiga makofi. Tukafungua mifuko, tukamwaga samaki wote mara moja, tilapia na kambale pamoja. Kesho yake asubuhi tilapia wengi walikuwa wanaelea juu, tumbo nyeupe. Wale waliobaki tulidhani wako salama. Miezi minane baadaye tulipotoa maji ili kuvuna, tulihesabu tilapia 57. Kambale walikuwa 31, wazuri sana.

Mama mmoja, mweka-hazina wa kikundi, alituuliza: «Agronome, tulichanga pesa ya kulisha watoto wetu, ao ya kulisha kambale?»

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na diploma ya agronomia, lakini siku ile tulifanya haraka. Tunaandika somo hili ili ninyi msilipe pesa ileile tuliyolipisha wale.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Bwawa ni kama nyumba yenye chumba kimoja. Wanaoingia humo hawawezi kukimbiana. Samaki wa ziwani akifukuzwa anaenda mbali, lakini samaki wa bwawa lenu hana pa kwenda. Kwa hiyo, kabla ya kutia aina yoyote, jiulizeni mambo haya manne:

1. Anakula nini? Wawili wanaokula chakula kimoja watagombania. Wawili wenye vyakula tofauti watatumia bwawa lote bila ugomvi.
2. Mdomo wake unafunguka kiasi gani? Samaki anayekula wenzake haangalii jina, anaangalia kama mwenzake anaingia mdomoni.
3. Anazaa mara ngapi? Anayezaa sana anajaza bwawa, na wote wanabaki wadogo.
4. Anavumilia baridi ya maji yetu? Samaki anayependa joto hatanenepa kwenye maji ya mlimani, hata mkimpa chakula kizuri namna gani.

Ukiwa na majibu ya maswali haya manne, umeshapita hatua kubwa.

Samaki tunaowajua na tabia zao

*Tilapia wa Nile.* Huyu ndiye wa kwanza kwa anayeanza. Ni mwenyeji wa ziwa letu la Kivu. Utamtambua kwa mistari ya kusimama kwenye mkia. Anakula hasa vile vijani vidogo sana vinavyofanya maji kuwa kijani, tena anapokea pumba. Ni mpole kwa wengine, ila dume hulinda shimo lake la kuzalia. Mama hubeba mayai mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Ndiyo maana watoto wake wengi hawafi, na ndiyo maana pia bwawa hujaa haraka.

*Tilapia wa majani.* Wataalamu wanamwita rendalli. Kifua na sehemu ya chini ya mkia mara nyingi huwa nyekundu. Anakula majani: ya mateke, ya matembele, ya kabichi, na majani laini ya kukata. Anaweza kukaa na tilapia wa Nile kwa sababu chakula chao ni tofauti. Ubaya wake ni kwamba naye anazaa sana, na anachimba viota chini.

*Tilapia makrochir.* Huyu aliletwa katika nchi za kwetu zamani kwa ajili ya mabwawa. Msimchanganye na tilapia wa Nile. Hao wawili wanaoana, na watoto wao ni mchanganyiko. Baada ya vizazi vichache hamtajua tena mna mbegu gani, sawa vile mtu anayechanganya mbegu za mahindi kila msimu.

*Kambale.* Wengine wanamwita ngolo. Hana magamba, ana ndevu na mdomo mpana. Anakula kila kitu: wadudu, mchwa, minyoo, mabaki ya jikoni, na samaki wadogo. Anavumilia maji yasiyo na hewa ya kutosha kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu. Ni rafiki mzuri wa tilapia akiingia akiwa mdogo na akiwa amechelewa. Ni mwizi akiingia akiwa mkubwa. Na wao kwa wao wanakulana: kambale mkubwa humla kambale mdogo. Kwa hiyo nunueni wa kipimo kimoja.

*Samaki wadogo wa ziwa, jamii ya haplokromi.* Watoto huwavua kwa ndoano kando ya ziwa. Msiwatie. Hawakui, wanakula mayai na vifaranga, na wanamaliza chakula cha tilapia. Mara nyingi wanaingia wenyewe kupitia mfereji wa maji ao kwenye ndoo ya mtu aliyeleta «tilapia wa ziwani».

*Sambaza.* Kila mwaka mtu mmoja anatuuliza: kwa nini tusifuge sambaza, maana ndio tunawapenda? Sambaza ni samaki wa maji mapana na ya wazi, anatembea kwa makundi makubwa. Ukimshika kwa mkono tu magamba yanatoka na anakufa. Mwacheni ziwani, na muheshimu siku za kufunga uvuvi.

Ziwa letu lenyewe linatufundisha

Wengi hawajui kwamba sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati ule katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki aliyekula vile viduduvidogo vinavyoelea kwenye maji ya wazi. Meza ilikuwa imeandaliwa, lakini viti vilikuwa vitupu. Sambaza akakaa, akazaa, na leo soko la Kalehe, la Minova na la Bukavu haliwezi kuishi bila yeye.

Sasa tazameni ziwa Victoria. Huko, katika miaka hiyohiyo ya 1950 na kuendelea, walitia sangara, samaki mkubwa anayekula wengine. Mwanzo hakuna aliyeona shida. Kufika miaka ya 1980, aina nyingi sana za samaki wadogo wanaoitwa furu zilikuwa zimepotea. Sangara analeta pesa nyingi, ni kweli, lakini wale wadogo waliokuwa chakula cha maskini hawakurudi wote.

Hayo ni maziwa makubwa, lakini sheria ni ileile kwenye ari moja yenu. Mgeni anayekuta kiti kitupu anasaidia nyumba. Mgeni mwenye mdomo mkubwa anamaliza nyumba.

Kuna mfano wa tatu, wa hapa Kongo kwetu. Wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1940 na 1950, vijiji vingi vilichimba mabwawa ya tilapia, na kule Katanga kulikuwa na kituo cha utafiti cha Kipopo, karibu na Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Baadaye mabwawa mengi yaliachwa. Sababu ni nyingi, lakini moja inajulikana vizuri: tilapia walizaa mno, bwawa likajaa samaki wadogo kama vidole, na watu wakachoka kuvuna mifupa. Wazee wenu wanaweza kuwaambia. Ndiyo sababu tunamtafuta kambale: si kwa nyama yake tu, ni kwa kazi ya kupunguza watoto wa tilapia.

Baridi ya Kalehe

Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa meta 1.460 hivi juu ya bahari. Ukipanda kwenda Numbi unapita meta 2.000. Ukishuka upande wa Bunyakiri joto linaongezeka. Kwa hiyo hatuwezi kutoa ushauri mmoja kwa teritware nzima.

Tilapia anapenda maji ya digrii 25 hadi 30. Chini ya digrii 20 anakula kidogo na hazai vizuri. Karibu na digrii 16 hakui tena. Kambale naye ni mtu wa joto. Azimeni kipimo cha joto kwa agronome, mpime maji saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana, kwa siku tano. Kama asubuhi mnapata chini ya digrii 18 siku zote, ongeeni nasi kwanza kabla ya kununua.

Kosa tunaloona kila mahali ni kuacha maji ya mto yapite bwawani usiku na mchana. Watu wanafikiri maji yanayotembea ni mazuri kwa samaki. Kwa tilapia si hivyo. Maji ya mto ni ya baridi, tena yanabeba chakula cha kijani na kukipeleka kwa jirani wa chini. Jazeni bwawa, fungeni mfereji, halafu mwongeze tu maji yanayopotea ardhini na kwa jua.

Na juu ya mito, neno moja zaidi. Hatuwezi kusahau tarehe 4 mwezi wa tano 2023, wakati maji yalishuka Bushushu na Nyamukubi na tukapoteza mamia ya ndugu zetu. Msichimbe bwawa kwenye njia ya zamani ya mto, hata kama udongo wa pale ni mzuri. Kwanza ni kwa ajili ya maisha ya watu watakaolinda bwawa. Pili, mto ukibeba bwawa, samaki wenu wote wanaishia ziwani. Katika Kivu kuna aina zaidi ya kumi za samaki wadogo ambazo haziko pengine popote duniani. Samaki wa kigeni akiingia ziwani, hakuna koperative itakayoweza kumtoa. Kwa hiyo msilete aina mpya kutoka nchi nyingine bila kuuliza huduma ya serikali ya kilimo, uvuvi na mifugo.

Hesabu ya bwawa lenu

Ari moja ni meta 10 kwa meta 10, yaani meta 100 za mraba. Kwa koperative inayolisha kwa mboji, majani na pumba, bila chakula cha kiwandani, fuateni hesabu hii:

- Tilapia wa Nile: 2 kwa kila meta moja ya mraba. Ari moja ni tilapia 200. Ari mbili ni 400.
- Kambale: 1 kwa kila tilapia 10 hadi 20. Ari moja ni kambale 10 hadi 20. Ari mbili ni 20 hadi 40.
- Kama mnataka tilapia wa majani, asiwe zaidi ya robo ya tilapia wote, na mpunguze tilapia wa Nile kwa idadi ileile.

Tazameni vizuri: kambale 40 kwa tilapia 400, ile hesabu yetu ya kosa, ilikuwa ndani ya kipimo. Hatukukosea hesabu. Tulikosea ukubwa na wakati.

Njia sawa ni hii. Tilapia wanaingia kwanza, peke yao. Mnangojea mpaka wafike sentimeta 10 hadi 12, karibu urefu wa kiganja pamoja na sehemu ya vidole. Katika maji yetu hiyo inaweza kuchukua miezi miwili, mitatu, ao zaidi mlimani. Hapo ndipo mnatia kambale wadogo wa sentimeta 4 hadi 6. Kambale asizidi nusu ya urefu wa tilapia. Hawezi kumeza wakubwa, na kwa kuwa tilapia wanaanza kuzaa, atapata watoto wao wa kula. Kila mmoja ana kazi yake.

Msikubali kambale wa bure bila kuwapima. Bei ya chini mara nyingi inasema kitu: ni wale waliobaki kwa muuzaji kwa sababu wamekuwa wakubwa na wanakula wenzao.

Nyumba iwe tayari kabla ya mgeni

Hapa tutapita haraka, juu mengi tulishayasema. Kausheni bwawa mpaka udongo upasuke. Mwageni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa ari moja, kama udongo wenu ni wenye uchachu. Jengeni kizizi cha mboji kwenye kona, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya bwawa, mtie majani na samadi. Wekeni kichujio kwenye mlango wa maji ili haplokromi, vyura na kambale wa porini wasiingie. Kichujio kitengenezwe kwa wavu wa kununua ao kikapu kilichosukwa sana. Msitumie mustikere ya kulalia: malaria inaua zaidi ya hasara ya samaki.

Jazeni maji, mngojee wiki moja hadi mbili. Halafu tumbukizeni mkono mpaka kwenye kiwiko. Vidole vikipotea machoni wakati maji yanafika kiwiko, rangi ikiwa kijani, nyumba iko tayari. Mkiviona bado, ongezeni mboji. Vikipotea kabla maji hayajapita kiganja, mboji imezidi: iondoeni kidogo, mwongeze maji mapya.

Siku ya kupokea samaki

Sehemu hii msomeane kwa sauti, pole pole, maana hapa ndipo vifaranga wengi wanakufa.

*Siku moja kabla.* Mwombeni muuzaji asiwalishe vifaranga. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji ya safari. Na ninyi bwawani wekeni kikapu chenye matundu madogo, mtie ndani samaki watano ao kumi wa kujaribia kama mnaweza kuwapata. Wakilala salama, maji ni mazuri.

*Kwa muuzaji.* Msinunue kwa kuhesabu tu. Mtu mmoja atazame: vifaranga wanaogelea kwa nguvu? Wana vidonda, ukungu mweupe, mapezi yaliyokatika? Wana kipimo kimoja? Mkiona tilapia mdogo mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba, huyo si kifaranga, ni mzee aliyedumaa. Hatakua hata mkimlisha mwaka mzima.

*Njiani.* Safirini alfajiri ao jioni. Mifuko yenye oksijeni ni bora. Kama ni bido, zisijae samaki, na zisifungwe kabisa bila hewa. Funikeni kwa majani ya ndizi yaliyolowa. Barabara ya kwetu mnaijua: matope, gari linakwama, barieri hii na ile. Kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi ya samaki tu. Gari likisimama, yeye anahamisha mifuko kivulini kabla ya kufanya jambo lingine. Kwa walio kando ya ziwa, mtumbwi wa asubuhi mara nyingi unatikisa kidogo kuliko moto.

*Kufika bwawani.* Haya ndiyo tuliyoyaruka siku ile ya makofi:

1. Wekeni mifuko ielee juu ya maji ya bwawa, bila kuifungua, kwa dakika 15 hadi 20. Joto la ndani na la nje litakaribiana. Samaki akiruka kutoka digrii 27 hadi 20 kwa mara moja, mwili wake unashtuka. Atakufa siku hiyo, ao atapata ugonjwa wiki ijayo.
2. Fungueni mfuko. Tieni kikombe kimoja cha maji ya bwawa. Ngojeeni dakika tano. Tieni kingine. Fanyeni hivyo mara nne ao tano. Hapa samaki wanazoea ladha ya maji mapya, si joto tu.
3. Lazeni mfuko upande, mdomo wake ndani ya maji. Msimwage. Acheni samaki watoke wenyewe. Wenye nguvu watatoka kwanza, wengine watafuata.
4. Wahesabuni wakati wanatoka, ao hesabuni kwa kikombe kabla. Waliokufa njiani andikeni kwenye daftari.
5. Kama ni bido, tumieni ndoo: samaki na maji yao ndani ya ndoo, kisha fanyeni hatua zilezile.

Kazi yote inachukua karibu saa moja. Ni saa ndogo ukiilinganisha na msimu wa kuchimba. Hotuba za viongozi zifanyike baadaye, samaki wakishakuwa ndani.

Wiki mbili za kwanza

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa samaki ni hivyohivyo. Siku ya kwanza msiwape chakula cha mkono, watapata cha kijani ndani ya maji. Siku ya pili wapeni pumba kidogo sana, mahali pamoja, saa moja. Kuanzia siku ya tatu fuateni ratiba.

Kila asubuhi, mlinzi aangalie mambo matatu:

- *Samaki wako juu wanapiga midomo kwenye hewa.* Hewa ndani ya maji imepungua. Simamisheni mboji na chakula, fungulieni maji mapya.
- *Chakula cha jana kimebaki.* Mmewapa kupita kiasi, ao wana baridi. Punguzeni.
- *Kuna waliokufa.* Watoeni haraka, muwahesabu. Wachache siku mbili za kwanza ni uchovu wa safari. Wakiendelea kufa baada ya siku ya tano, tafuteni agronome.

Ndege wanaokula samaki, kama mnandi, pia wanapenda vifaranga wapya. Vutisheni kamba juu ya bwawa, na watoto wapite pale mara kwa mara.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

*Tunaweza kuchukua tilapia wa ziwani badala ya kununua vifaranga?*
Hatuwashauri. Hamjui umri wao, wanakuja pamoja na haplokromi na magonjwa, na kukamata wadogo ziwani ni kuharibu uvuvi wa kesho.

*Tumekosa kambale. Tufanye nini tilapia wakizaa?*
Wakifika sentimeta 10 hadi 12, vueni, mtenganishe dume na jike. Tazama chini ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Rudisheni dume tu, jike wapelekeni jikoni ao sokoni. Dume wanakua haraka zaidi. Msipofanya hivyo, vueni watoto kila mwezi kwa wavu mdogo.

*Bata juu ya bwawa je?*
Ndiyo, samadi yao inarutubisha maji. Lakini waingie vifaranga wa samaki wakishakuwa na ukubwa wa kidole kinono, la sivyo bata nao wanakula.

Mwisho wa hadithi yetu

Kile kikundi cha kando ya ziwa hakikuvunjika. Tulirudi, tukaomba msamaha mbele ya mkutano, tukagharimia nusu ya vifaranga wa mara ya pili. Tilapia 400 waliingia alfajiri, kwa saa nzima, bila makofi. Kambale 30 waliingia baada ya miezi mitatu, wadogo kama kidole. Miezi mitano baada ya hapo tulivuna kilo 41 za tilapia na kilo 9 za kambale. Si utajiri. Lakini kila nyumba ilipika samaki, sanduku la MUSO likarudishiwa pesa yake, na kikundi kikabaki na vifaranga wa kuanza tena.

Mama mweka-hazina alipima mwenyewe kwenye mizani, akaandika kwenye daftari, halafu akatuambia: «Sasa kambale wamelisha watoto.»

Kwa mazungumzo katika koperative yenu

1. Bwawa letu lina ari ngapi? Linahitaji tilapia wangapi na kambale wangapi?
2. Maji yetu yana digrii ngapi asubuhi? Nani atapima?
3. Muuzaji wetu ni nani, na nani atakwenda kutazama samaki kabla pesa haijatoka sandukuni?
4. Siku ya kupokea, nani atashika kazi ya samaki tu njiani?
5. Bwawa letu liko kwenye njia ya mto? Mvua kubwa ikija, samaki na walinzi watakwenda wapi?

Andikeni majibu kwenye daftari la koperative. Agronome wetu akipita atayasoma pamoja nanyi. Tuendelee kushikana mikono, na kazi njema.